Mcheza kwao hutunzwa: Usiku wa igitaramo Gikondo

KIGALI. Kwa mfanyabiashara wa mpakani, Gikondo ni mahali pa kungoja. Hapa, katika Wilaya ya Kicukiro, ndipo yalipo maghala ya Magerwa, ambako mzigo uliopita Rusumo, Gatuna au Kagitumba hukaa hadi karatasi za forodha zikamilike. Hapa pia ndipo ulipo uwanja wa maonyesho ya biashara ambao kila mwaka, msimu wa Julai na Agosti, hujaa vibanda vya wauzaji kutoka nchi jirani na za mbali. Wakala akisema mzigo hautoki leo, mwenye mali hana la kufanya ila kula, kulala na kuhesabu siku za ghala.

Wengi humaliza miaka wakija na kuondoka hivyo. Wanajua bei ya chumba, bei ya kupakia gari na kiwango cha kubadilisha fedha, lakini hawajui mwenyeji wao anafanya nini jua likizama. Siku moja mteja wao wa siku nyingi anaoza binti, au anapokea ugeni, naye anawaambia waje jioni kwenye igitaramo.

Neno hilo linatokana na kitenzi cha Kinyarwanda gutarama, yaani kukaa pamoja jioni kwa mazungumzo, nyimbo na masimulizi. Zamani igitaramo kilifanyika kando ya moto nyumbani na, kwa ukubwa zaidi, katika ua wa mwami. Leo kimehamia kwenye kumbi za harusi, hoteli na majukwaa ya maonyesho, na kwa kawaida huambatana na chakula. Anayekwenda kwa mara ya kwanza hudhani ameitwa kutazama ngoma na kushiba. Kumbe ameitwa mahali ambapo mambo mawili ya zamani bado yanapimwa: nani ana haki ya kusimulia, na nani ana haki ya kukaa chini akala na wenzake.

Sakwe sakwe!

Msimulizi wa Kinyarwanda haanzi kwa kuomba ukimya. Hurusha neno, watu wakalidaka. Kwenye vitendawili mtegaji huita "Sakwe sakwe!" na waliokaa hujibu "Soma!" Mgeni kutoka Tanga au Mombasa hahitaji mkalimani kujua kinachoendelea, kwa sababu kwao ni "Kitendawili!" na "Tega!" Hadithi ikifika mwisho, msimulizi huifunga kwa kauli ya kimila, si jye wahera, akimaanisha kwamba kama kuna cha kuisha basi na iishe hadithi, si yeye aliyeisimulia.

Kisha huingia Intore. Jina lao maana yake ni wateule. Zamani walikuwa vijana waliochaguliwa kulelewa katika ua wa mwami au wa machifu, wakifundishwa vita, adabu, ushairi na ngoma. Hadi leo huvaa umugara, kilemba chenye nyuzi ndefu kama manyoya ya shingo ya simba, hufunga njuga miguuni na kushika mkuki na ngao. Wanawake nao hucheza kwa utulivu, mikono imeinuliwa na kupindwa mfano wa pembe za inyambo, ng'ombe wa pembe ndefu wa Rwanda. Mara nyingine mtu husimama akawasifu ng'ombe mmoja mmoja kwa jina na ukoo wake, ufundi unaoitwa amazina y'inka. Mchuuzi wa mifugo aliyezoea minada atashangaa kusikia ng'ombe akitajwa kwa kirefu namna hiyo bila bei kutajwa hata mara moja.

Katika ua wa mwami kazi hizi ziligawanywa kama idara za serikali. Walikuwepo abasizi, waliotunga mashairi ya ufalme. Abatekerezi, waliosimulia matukio ya vita na tawala. Abacurabwenge, waliohifadhi nasaba. Na abiru, waliotunza siri za mila za kifalme. Hakuna aliyeshika kalamu. Kila kitu kilikaa kichwani, na aliyekosea alisahihishwa na wenzake. Padri na mwanahistoria Alexis Kagame, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1981, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuyaandika mashairi hayo kutoka vinywani mwa waliokuwa bado wanayajua. Ufalme wenyewe ulifutwa mwaka 1961. Bila ya wazee waliokuwa wakiyarudia, na bila ya watu kama Kagame, mengi yangekwenda nao kaburini.

Ala inayonyamazisha ukumbi ni inanga, kipande cha mti kilichochimbwa mfano wa sinia refu, kikavutwa nyuzi kutoka ncha moja hadi nyingine. Kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ala ya wanaume. Sophie Nzayisenga, aliyefundishwa na baba yake Kirusu Thomas tangu utotoni, ni miongoni mwa walioonyesha kwamba vidole vya mwanamke vinaiweza sawasawa.

Neno moja, mipaka mitatu

Kuna sehemu ya igitaramo ambapo mwanamume husimama akajisifu kwa kasi, bila kupumua, akitaja jina lake la ushujaa na mambo aliyoyatenda. Kinyarwanda huita majigambo hayo ibyivugo. Mfanyabiashara wa Mbarara atakumbuka ebyevugo vya Wahima wa Ankole. Wa Bukoba atakumbuka ebyebugo vya Wahaya. Neno ni lile lile, limebadilika kidogo tu kila lilipovuka mto. Inanga nayo ni enanga huko Buhaya, ambako Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliwafuatilia na kuwaandika manju wanaoimba tenzi ndefu za mashujaa kwa ala hiyo. Burundi iko pia, na huko mpigaji hunong'ona badala ya kupaza sauti, hata msikilizaji akalazimika kusogea.

Mipaka tunayopanga foleni leo ni midogo kwa umri kuliko nyuzi hizi. Hata Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, limeziorodhesha sanaa za majirani hawa mmoja baada ya mwingine: ngoma ya kifalme ya Burundi mwaka 2014, masimulizi ya Koogere ya Watooro, Wasongora na Wanyabindi wa Uganda mwaka 2015, na Intore wa Rwanda mwaka 2024. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini watu wa maziwa haya walikuwa wakielewana kwa ala na majigambo zamani kabla ya mikataba.

Kwa mfanyabiashara, jambo hili lina faida ya wazi. Biashara ya mpakani huendeshwa kwa imani kuliko kwa hati. Mali huachwa kwa mdomo, deni hulipwa safari ijayo, simu hupigwa usiku kuulizia bei. Mtu aliyekaa na mteja wake usiku kucha akijibu "Soma!" pamoja na ndugu zake hawi tena "yule Mtanzania" au "yule Mkongo". Amekuwa mtu mwenye jina.

Sahani na kibuyu

Chakula cha usiku huo si kigeni kwa watu wa ukanda huu. Huwa kuna isombe, ambayo Watanzania huiita kisamvu na Wakongo sombe, ugali wa muhogo, maharage yaliyopikwa na maboga, ndizi, mishikaki ya mbuzi, na sambaza wa Ziwa Kivu waliokaangwa wakakauka. Nyama ya nguruwe inapendwa sana Kigali, kwa hiyo asiyeila na aulize mapema bila haya, mwenyeji hataudhika. Maziwa ya mgando, ikivuguto, ni kinywaji cha heshima. Asiyekunywa pombe anaweza kuomba umutobe, maji matamu ya ndizi mbivu. Anayekunywa atakutana na urwagwa wa ndizi au ikigage cha mtama.

Zamani pombe hiyo ilinywewa kwa kibuyu kimoja na mirija. Kukabidhiwa mrija ilikuwa alama kwamba umekubaliwa. Na hapo ndipo igitaramo kina jeraha lake.

Miongoni mwa waliokuwa wakiimba, kucheza na kuchekesha katika ua wa mwami walikuwa Watwa, wanaotambuliwa na wengi kuwa wenyeji wa kwanza wa misitu ya Maziwa Makuu. Walikuwa wawindaji na, baadaye, wafinyanzi. Sauti zao na ngoma zao zilipendwa na wakubwa. Lakini ngoma ikiisha, watu wengi walikataa kula nao, kunywa nao chombo kimoja au kupokezana nao mrija. Tabia hiyo haikuishia zama za wafalme. Watafiti wa haki za binadamu waliikuta na kuiandika katika nchi za Maziwa Makuu hata miaka ya 1990 na 2000: sokoni, kwenye vilabu vya pombe, kisimani.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza kwao, wakashangiliwa, kisha wakaenda kula pembeni.

Jina na haki

Rwanda ya leo haiwagawi raia wake kwa makabila. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, kabila liliondolewa kwenye vitambulisho, na Gikondo inajua sababu: tarehe 9 Aprili 1994 watu waliokimbilia katika kanisa la Wapalotini la mtaa huu waliuawa humo. Ndiyo maana jumuiya ya Watwa hutajwa rasmi kwa maneno abasigajwe inyuma n'amateka, yaani walioachwa nyuma na historia. Katiba inamtaka Rais, anapoteua maseneta wanane walio katika mamlaka yake, azingatie uwakilishi wa makundi ya namna hiyo. Chama kilichoanza miaka ya 1990 kwa jina la jumuiya ya wenyeji wa asili wa Rwanda kilibidi kubadili jina, kikawa jumuiya ya wafinyanzi, COPORWA.

Majirani wamefuata njia zao. Katiba ya Burundi inawatengea Watwa viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipitisha Julai 2022 sheria ya kulinda haki za wenyeji wa asili wa misitu. Nchini Uganda, Watwa walitolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga mwaka 1991 ilipofanywa hifadhi za taifa. Mwezi Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilikubali kwamba waliondolewa bila fidia ya haki.

Huko Mgahinga ndipo swali la nani anufaike na hadithi linapoonekana kwa macho. Watwa huwaongoza watalii msituni, wakiwaonyesha jinsi wazee wao walivyowinda, kurina asali na kutafuta dawa. Mwisho wa njia ni pango la Garama, ambamo wanawake huimba gizani. Sehemu ya ada ya mgeni hurudi kwao. Ni kipato halali, na watu hujivunia kazi hiyo. Lakini ni kuingia kwa saa chache, kwa kibali, katika msitu uliokuwa nyumbani.

Mbali zaidi, huko Cairns, Australia, Waaborijini wa jamii ya Djabugay walijulikana duniani kwa onyesho la Tjapukai, lililoanzishwa mwaka 1987. Lilikuwa na usiku wa ngoma, moto, hadithi na chakula kwa watalii waliofika kwa ndege. Uviko-19 ilipofunga mipaka, wageni walikatika, na mwaka 2021 kituo hicho kikafungwa. Igitaramo cha Kigali hakijategemea ndege kiasi hicho. Kinaendeshwa na posa, harusi na ugeni wa wenyeji wenyewe. Ngoma yenye watu wa nyumbani wanaoigharamia ina umri mrefu kuliko ile inayongoja watalii.

Chungu na sufuria

Mfanyabiashara wa mpakani yumo ndani ya kisa hiki hata kama hajawahi kukutana na Mtwa yeyote. Watwa wa Rwanda walipopoteza misitu, walibaki na udongo. Walifinyanga inkono, chungu cha kupikia maharage, na mitungi ya maji na pombe, wakabadilishana na majirani kwa chakula. Kisha zikaja sufuria za alumini, madumu na ndoo za plastiki, nyepesi, zisizovunjika, zilizopita mipaka hii hii juu ya malori na vichwani mwa akina mama. Soko la chungu likafa kidogo kidogo.

Udongo nao ukawa haba. Ulichimbwa mabondeni, na mabonde yalianza kulimwa mpunga au kuwekwa chini ya ulinzi wa serikali. Gikondo yenyewe ni mfano wa jinsi bonde linavyobadilika: viwanda vilijengwa kwenye ardhi oevu chini ya mtaa, baadaye serikali ikavihamishia eneo maalumu la kiuchumi la Masoro ili bonde lipone. Ni hatua njema kwa mji uliokuwa ukifurika maji. Ila kwa mfinyanzi, bonde linalolimwa na bonde linalolindwa yote mawili ni milango iliyofungwa.

Hakuna mwenye kosa kwa kuuza sufuria. Mama aliyenunua dumu la plastiki alipunguziwa mzigo kichwani. Lakini mfanyabiashara anajua vizuri kuliko wengine kwamba kila bidhaa inayoingia sokoni huiondoa nyingine, na kwamba nyuma ya ile iliyoondoka kulikuwa na mtu. Wafinyanzi wamejaribu kugeukia vyungu vya maua na mapambo. Hiyo ni bidhaa inayoweza kusafiri. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wa bidhaa za humu ndani usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa pale pale mpakani. Anayerudi na gari lenye nafasi kutoka Kigali anaweza kuuliza mahali vyungu vinapochomwa na bei yake kwa jumla, kama anavyouliza bei ya viazi.

Adabu za mgeni

Aliyealikwa igitaramo na azingatie machache. Afike na kukaa, asiwe wa kuingia na kutoka na simu sikioni. Aombe ruhusa kabla ya kurekodi, kwa sababu majigambo na nyimbo za mtu ni kazi yake, na video ikishasambaa yeye hapati kitu. Akitegewa kitendawili ajibu hata akikosea. Watu watacheka naye, si kumcheka. Akiombwa ajitambulishe, asitaje tu mji na bidhaa. Ataje wazazi na ukoo, kwani hapo ndipo wenyeji huanza kumjua. Na asitarajie ngoma katika wiki ya maombolezo inayoanza tarehe 7 Aprili. Wiki hiyo Kigali hukaa kimya, na biashara za burudani husimama.

Kuhusu kutunza, desturi hutofautiana. Mahali pengine fedha hutolewa mbele ya watu, pengine mwenyeji ameshalipa kikundi na fedha za jukwaani huonekana kama majivuno. Njia salama ni kumuuliza mwenyeji pembeni mambo mawili: wasanii hawa wamelipwaje, na watakula saa ngapi. Swali la pili lina uzito kuliko linavyosikika. Katika sherehe nyingi za ukanda huu, si Rwanda peke yake, wapiga ngoma hula mwisho, nyuma ya jiko, kilichobaki. Wageni wanaoona jambo hilo na kunyamaza ni wengi.

Mgeni hawezi kubadili historia ya mrija kwa usiku mmoja. Anaweza kumwomba mwenyeji kwamba mpiga inanga akimaliza aletwe mezani, na akamwachia kiti. Hiyo haigharimu hata ada ya siku moja ya ghala, na wanaokaa karibu wataiona.